Mawe manene hayakuokoi: msingi wa nyumba kwenye udongo wa Bukavu

Parseli, yaani kiwanja cha kujenga, ikianza kuchimbwa katika mitaa ya Bukavu kama Panzi, Cimpunda au kule Kasha, swali la kwanza la majirani huwa lile lile: magari mangapi ya mawe? Mwenye nyumba akijibu sita wanatikisa kichwa kwa heshima. Akijibu matatu wanamhurumia. Hakuna anayeuliza nondo za kona zimekunjwa vipi, wala maji ya mvua yanayotoka juu ya kiwanja yatapita wapi. Ilhali katika mji huu ni hayo mawili yanayoamua kama nyumba itabaki nzima.

Twende kwenye hesabu, maana ubishi huu hauishi kwa maneno. Chukua nyumba isiyo na ghorofa, kuta za tofali za saruji za sentimita 20, kimo cha mita 3, paa la mabati. Kila mita moja ya urefu ina takriban kilo 900 za ukuta na kilo 200 za paa. Chini ya ukuta weka longirini, ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya mawe, wa sentimita 20 kwa 30: kilo 150. Ukuta wa mawe wa unene wa sentimita 40 na kimo cha mita 1: kilo 920. Chini kabisa semele, yaani kitako cha zege, upana 60 na unene 20: kilo 300. Jumla ni karibu tani 2.5 kwa kila mita. Gawa kwa upana wa sentimita 60, unapata kama tani 4 kwa mita mraba. Udongo wa mfinyanzi ulioshikana vizuri, ule ambao kidole gumba kinaacha alama kwa kulazimisha, hubeba tani 10 kwa mita mraba bila wasiwasi.

Kwa hiyo nyumba ya kawaida ya Bukavu haizami kwa uzito wake. Hupasuka kwa sababu upande mmoja wa udongo umeloa na mwingine umekauka, au kwa sababu ardhi imetikiswa na kuta hazikuwa zimeshikana chini. Mawe manene hayatibu lolote kati ya hayo. Yanaongeza uzito tu, na uzito ndio unaolipa tetemeko nguvu: nyumba nzito husukumwa kwa nguvu kubwa zaidi.

Tena angalia gharama. Nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye ukuta mmoja wa ndani wa mita 8 na mwingine wa mita 6 ina mita 50 za msingi. Ukiongeza unene wa mawe kutoka 40 hadi 60, umeongeza meta za ujazo 10 za mawe, na theluthi yake ni chokaa ya saruji ya kujengea: mifuko kama 18. Longirini yote ya nyumba hiyo ni meta za ujazo 3, mifuko 21. Saruji ambayo watu huisema haipo kwa ajili ya longirini imefukiwa ndani ya mawe ya ziada.

Udongo wenyewe ni mtoto wa volkano za kale. Lava iliyooza kwa muda mrefu mno imeacha tabaka nene la udongo mwekundu na wa kahawia, na mahali pengine unachimba mita kadhaa hujaona jiwe gumu. Goma ni kinyume chake: kule nyumba nyingi zimekaa juu ya lava changa ya Nyiragongo, na fundi anahangaika kuisawazisha, si kupambana na udongo unaovimba. Ndiyo maana ushauri wa fundi wa Goma, hata awe hodari namna gani, usiufuate hapa bila kuupima. Tatizo la kutikiswa tunalo wote. Tumekaa katika bonde la ufa, ambako ardhi inaachana milimita chache kila mwaka. Tarehe 24 Oktoba 2002 lilipiga tetemeko la Kalehe, ukubwa 6.2. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 asubuhi lilipiga la 5.9, kitovu chake kikiwa karibu kilomita 20 kaskazini ya Bukavu, na watu walikufa huku na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda. Februari kwetu ni masika, msimu wa mvua. Udongo umeshiba maji, nguvu yake imepungua, na miteremko iko tayari kushuka. Tena udongo laini hukuza mtikisiko kuliko mwamba: wimbi lile lile linalopita kwenye jiwe kama msukumo mfupi, juu ya mfinyanzi mlaini huchezesha nyumba zaidi.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, chimba mashimo mawili, moja upande wa juu wa kiwanja na jingine upande wa chini, kila moja mita 1.5. Ukikuta mifuko ya plastiki, vipande vya tofali au udongo uliochanganyika rangi, hapo pamejazwa, na semele haikai juu ya kifusi hata kama kimeshindiliwa na kupigwa mvua miaka mitano. Chota udongo wa kina cha mita 1, uloweshe, usokote kati ya viganja. Ukitoa kamba nyembamba ya milimita 3 isiyokatika, mfinyanzi ni mwingi. Kisha fanya kipimo cha kisanduku: mbao zenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 4 kwa 4, zipakwe mafuta, zijazwe udongo uliochujwa mawe na kukandwa kwa maji hadi uwe uji mzito, uachwe kivulini mpaka ukauke kabisa. Sukuma vipande vyote upande mmoja, pima pengo. Chini ya sentimita 3 ni udongo mtulivu. Kati ya 3 na 5, shuka kina kamili na usicheze na maji. Zaidi ya 5, udongo huo unavimba na kunywea kweli kweli. Mwite enjeniya kabla ya kwenda mbele, kwa sababu huenda semele za kawaida hazifai hapo.

Kuna jambo ambalo hakuna msingi unaoliweza. Sehemu za mji huu ziko juu ya maporomoko yanayotembea polepole, Funu ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, na maelfu ya watu wanaishi juu yake. Pale ardhi yote inashuka pamoja na mawe, nondo na nyumba. Angalia miti iliyoinama kuelekea bondeni na kisha kupinda juu, ngazi zilizoachana na ukuta, nyufa za ardhi zenye umbo la mwezi mchanga, mabomba yanayokatika kila mwaka mahali pale pale. Ukiona mbili kati ya hizo kwenye parseli unayouziwa kwa bei ya huruma, bei hiyo ina sababu. Hata kwenye mteremko uliotulia, usijenge ukingoni: acha nafasi ya angalau theluthi moja ya kimo cha mteremko ulio chini yako, na nusu ya kimo cha ule ulio juu yako. Ngema ya mita 6 nyuma ya nyumba inataka mita 3 za nafasi. Najua parseli za Kadutu haziruhusu. Ardhi haijui ukubwa wa parseli.

Mfereji uchimbwe mita 1 kutoka uso wa ardhi ya asili, baada ya kuondoa udongo mweusi wa juu. Kina hicho hakihusu kubeba uzito. Ni kushuka chini ya tabaka ambalo kiangazi cha Juni hadi Agosti hulikausha na mvua za Septemba hulilowesha tena. Mkaratusi ukiwa karibu, kina hicho hakitoshi: mizizi yake hunywa maji mbali na chini. Acha umbali sawa na kimo cha mti, au ukate mapema na uiache ardhi ipite masika mazima kabla ya kujenga, kwa sababu udongo uliokuwa umenyonywa hurudi kuvimba ukishakosa wa kuunyonya.

Kwenye mteremko chini ya semele pawe ngazi zilizolala sawa, kamwe pasiwe mwinamo unaofuata kilima. Semele iliyoinama inateleza siku udongo unapolainika. Kila ngazi isizidi unene wa semele, sentimita 20, na semele ya juu iilalie ya chini kwa sentimita 40. Ni kazi ya kuchosha, mafundi huipunguza kwa kufanya ngazi moja ya nusu mita, na hapo hapo ndipo ufa wa mshazari huanzia miaka miwili baadaye.

Kosa linalofanyika zaidi kuliko yote ni mfereji kuachwa wazi. Mwenye nyumba amechimba, fedha ya saruji imechelewa, wiki tatu zinapita. Jua linaupasua udongo wa chini, mvua inajaza nyufa, juu panakuwa tope laini la sentimita 5 hadi 10. Kisha siku ya kumwaga wanatandaza zege juu ya tope hilo. Chimba hadi sentimita 90 tu, uache. Sentimita 10 za mwisho ziondolewe siku ile ile ya kumwaga zege la usafi, lile dhaifu la mifuko 3 kwa meta ya ujazo, unene wa sentimita 5. Likishafunika udongo, hata mvua ikinyesha usiku hujapoteza kitu.

Sasa nondo. Zipime kabla ya kulipa. Nondo ya 12, yaani ya unene wa milimita 12, inayouzwa sokoni mara nyingi ni 11 au 10 iliyovaa jina la kaka yake. Mizani haidanganyi: nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7, ya 10 ina kilo 7.4, ya 8 ina kilo 4.7. Ikipungua kwa zaidi ya nusu kilo, irudishe.

Semele ichukue nondo 3 za 10 za kwenda urefu na vipande vya 10 vya kukatiza kila sentimita 20. Ziinuliwe sentimita 5 juu ya zege la usafi kwa vipande vidogo vya zege ulivyovifinyanga siku kadhaa kabla. Mawe ya mtoni hayafai, na vipande vya mbao havifai kabisa. Nondo iliyolala chini huota kutu na haibebi kitu. Kwa mita zetu 50 ni nondo 25 za milimita 10.

Longirini ina nondo 4 za 12, na pete za nondo ya 8 zinazozizunguka kila sentimita 15, zikaribiane kila sentimita 10 katika sentimita 60 za kwanza kutoka kila kona. Pete moja inakatwa sentimita 88, nondo moja hutoa 13. Hesabu ya jumla: nondo 19 za 12, pamoja na za kuungia, na nondo 29 za 8. Nguzo zihesabiwe kando. Ncha za pete zikunjwe kuelekea ndani ya zege, kupita pembe mraba, hadi nyuzi 135, na mkia wa sentimita 8. Pete iliyofungwa kwa pembe mraba inapendeza machoni, ila zege la nje likibanduka wakati wa mtikisiko inafunguka kama mlango na nondo kubwa zinapinda nje.

Kona ndiyo mahali pa kumsimamia fundi kwa macho mawili. Desturi ya kawaida ni nondo za ukuta huu kukatizana na za ukuta ule, zikaishia hapo, waya wa kufungia ukazungushwa, kazi imekwisha. Waya ule haushiki kitu. Upo ili nondo zisisogee wakati wa kumwaga. Tetemeko likivuta kuta mbili pande mbili, kona inaachana kana kwamba hakukuwa na chuma. Nondo za uso wa nje zipinde kwenye kona na ziendelee sentimita 60 ndani ya ukuta wa pili. Nondo za uso wa ndani zisifuate kona ya ndani: zikivutwa zitataka kunyooka na zitabandua zege. Zipelekwe moja kwa moja hadi uso wa nje wa ukuta zinaokutana nao, ndipo zipinde. Ukuta wa ndani unapokutana na wa nje, fanya hivyo hivyo, nondo moja ipinde kushoto na nyingine kulia. Maungo ya kawaida ya nondo ya 12 yawe sentimita 60, yasifanyike konani, na yasipangwe yote sehemu moja.

Nguzo za kona, za makutano ya kuta, za kando ya mlango au dirisha kubwa, na nyingine yoyote ili pasipite mita 4 bila nguzo, zianzie kwenye semele. Miguu ya nondo ikunjwe sentimita 30 na ifungwe juu ya nondo za semele kabla ya kumwaga. Ukuta wa mawe ujengwe ukiiachia nguzo nafasi, kisha ijazwe zege. Tunaona mara kwa mara nguzo zilizopandwa baadaye kwenye longirini peke yake, zimezama sentimita 10. Kwa kutazama hazina tofauti na zile za kweli. Kwa kutikiswa zinang'oka kama mihogo. Juu, nguzo hizo zimalizikie kwenye shenaji, mkanda wa zege wa juu ya kuta, chini ya paa. Ukuta ujengwe kwanza na nguzo imwagwe baadaye, ili zege liyang'ate matofali.

Kuhusu zege lenyewe sina mengi, kwa sababu uwiano unajulikana. Ni maji yanayoharibu. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50 weka bidoni 3 za lita 20 za mchanga na bidoni 6 za kokoto, unapata zege la karibu mifuko 7 kwa meta ya ujazo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga uliolowa mvua tayari una maji yake, kwa hiyo anza na bidoni moja ya lita 20 uangalie. Mfanyakazi ataomba maji zaidi ili zege liteleze. Mkatalie, mpe fimbo ya chuma alichome zege hadi mapovu yaishe. Soma pia namba ya nguvu ya saruji kwenye mfuko: kwa longirini na nguzo tafuta 42.5, ile ya 32.5 ibaki kwa mawe na lipu. Mchanga utie kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, uache saa moja. Tabaka la matope likizidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mchanga, uoshwe. Longirini imwagwe siku moja. Ikishindikana, simama katikati ya ukuta, mbali na kona, kwa ubao uliosimama wima. Kisha iloweshwe siku 7 chini ya magunia au plastiki. Bukavu kuna baridi na mawingu, na watu hudhani hewa yetu inatosha, kiangazi haitoshi.

Sakafu isifungwe na kuta. Weka mawe ya sentimita 15 hadi 20 yaliyopangwa kwa mkono, mchanga, plastiki nene, zege la sentimita 8 au 10, na pengo la kidole kati yake na ukuta. Udongo wa katikati ya nyumba hautembei sawa na wa pembeni, na sakafu iliyoshikana na ukuta huuinua au huuvuta.

Yanabaki maji, ambayo yangestahili kuwa mwanzo wa makala haya. Mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita mraba 80 ni lita 2,400, bidoni 120, na bila mifereji ya paa zote zinaangukia mguu wa ukuta kwa muda wa saa moja. Weka mifereji, na kuzunguka nyumba yote tengeneza njia ya zege ya upana wa mita 1 inayoshuka sentimita 5 nje. Upande wa juu wa kiwanja, mita 1.5 au 2 kutoka ukutani, chimba mtaro wa sentimita 60 hadi 80, laza bomba la milimita 100 lenye matundu, lifunikwe kokoto safi, na lishuke sentimita 1 kwa kila mita. Usiuchimbe kando ya semele ukaenda chini yake, utakuwa umeifukua. Maji yaishie kwenye mfereji wa barabara au korongo lililojengwa. Kuyatoa kwenye parseli ya jirani wa chini ni kumlainishia udongo yeye, na yeye ndiye anayeshikilia kilima chako. Shimo la choo na la maji machafu liwe upande wa chini wa nyumba kwenye mteremko, kamwe lisiwe upande wa juu. Bomba linalovuja chini ya ukuta wa jikoni linaweza kumaliza kona moja ndani ya masika moja, huku mwenye nyumba akilaumu tetemeko la miaka iliyopita.

Kwa nyumba ambayo imeshajengwa bila longirini, kuirudia chini ya kuta ni kazi ghali na ya hatari. Anza na mtaro, mifereji na njia ya zege, kisha usome nyufa. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupanuka juu huonyesha upande mmoja unashuka. Ule unaofunga masika na kufunguka Agosti ni udongo unaopumua. Ufa wa wima konani kabisa, ulio mpana juu kuliko chini, ni kuta mbili zinazoachana, na huo ndio wa kumwita enjeniya mapema. Chora mistari miwili ya penseli ng'ambo mbili za ufa, andika tarehe na umbali kwa milimita kwenye ukuta wenyewe, rudi kupima kila mwezi kwa mwaka mzima, ukianzia Septemba.